Niliwafungulia Wote, Kompyuta Ikatufungia Sote

Sehemu ya Sita

Mliniacha Jumanne jioni mbele ya kioo cheusi, nikijifanya nawaza.

Sikuwa nawaza. Nilikuwa nasali, na mimi si mtu wa kusali sana.

Kwa aliyechelewa kuingia: naitwa Mitchelle Katana, karani wa kamati ya malka hapa Garsen. Malka ni njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji, ikipita katikati ya mashamba ya watu. Waorma wana ng'ombe, Wapokomo wana migomba, na mto ni mmoja. Kila kiangazi kamati hukubaliana malka zipi zifunguliwe na kila moja iwe na upana gani. Makubaliano huchapishwa, hutiwa sahihi, na kila upande huondoka na nakala yake.

Kazi hii sikupewa kwa sababu najua kompyuta. Nilipewa kwa sababu mimi ni Mgiriama. Sina ng'ombe, sina shamba la mtoni, sina upande wa kuegemea. Kuhusu kompyuta niliwaambia mimi ni mtaalamu, na huo uongo ndio mmekuwa mkiucheka wiki tano sasa.

Zamani makubaliano yalikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja kwa Mzee Adano, upande wa mifugo. Wa pili kwa Mzee Isaac wa Golbanti, upande wa mashamba. Hakuna aliyeweza kulifungua bila mwenzake. Ilipokuja kompyuta, kila mzee akapewa neno lake la siri. Wote wawili waliweza kulisoma daftari la malka. Kuliandika niliruhusiwa mimi tu. Makubaliano ya mwaka huu yalikuwa humo, bado hayajachapishwa.

Jumanne wakaanza kutiliana shaka.

"Huyu iko naona kitu mimi haoni," Mzee Adano alisema. "Mashine napatia yeye mlango mingi."

"Mlango upi? Anayefichwa ni mimi," Mzee Isaac akamjibu. "Nikibonyeza naambiwa sina ruhusa. Nitakosaje ruhusa katika kamati ninayoiongoza?"

Nilikuwa na njaa na nilitaka yaishe. Nikaandika amri moja, kuanzia shina la mfumo mzima hadi tawi la mwisho: kila faili, kila mtu, ruhusa zote. Kusoma, kuandika, kuendesha. Wazee wakapiga makofi. Kisha, kwa desturi ya kamati, kila mmoja akapewa dakika kumi peke yake na mashine ahakikishe kwa macho yake, sisi wengine tukiwa nje na chai.

Baada ya chai nikataka kurudisha mambo yalivyokuwa. Mashine ikanikatalia. Nikaizima, nikaiwasha. Kioo kikawa cheusi.

"Nini nafanya sasa?" Mzee Adano aliuliza.

"Inapumzika, Mzee. Imefanya kazi kubwa leo."

"Napumzika mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi."

"Alhamisi ng'ombe iko hapa," akasema. "Ile ya Bangale imeshapita Wenje. Alhamisi mchana nakunywa maji."

Mwaka juzi mafuriko yaliharibu karatasi kabla haijatiwa sahihi, na kila upande ukafuata kumbukumbu yake. Vijana wanane walilazwa hospitali. Ng'ombe wengi walikatwa mapanga, na migomba ya watu ikalala chini ekari kwa ekari. Bila karatasi, yatarudi yale yale.

Msiniulize kwa nini hakuna aliyepiga picha. Simu haziingii kikaoni. Hutiwa kwenye beseni mlangoni, na beseni lenyewe ni langu.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Fahad.

Fahad wa Kipini mnamjua. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta hapa mjini, na mwezi uliopita nilimwita fundi wa chaja mbele ya wateja wake. Wateja walicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hatujasemezana.

"Karibu, mtaalamu," alisema bila kuinua macho.

"Fahad, nina swali dogo. Si langu, ni la rafiki yangu."

"Enhe."

"Amefungua ruhusa za mfumo mzima. Kila faili, kwa kila mtu. Sasa mashine haiwaki vizuri."

"Huyo rafiki yako ana jina?"

"Humjui."

"Namyua," akasema kwa lafudhi yake ya Kipini, akaweka bisibisi chini. "Kiti hicho. Kaa."

Nikakaa. Nikamwambia yote, kuanzia makofi hadi kioo cheusi. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Mashine hii si duka, useme ukifungua milango yote wateja watafurahi," alisema. "Ndani mna walinzi. Mlinzi akiona daftari lake la sheria laweza kuandikwa na yeyote, haliamini tena. Na wale walinzi wakubwa wana hati zao za mamlaka. Wewe umezifuta kwa amri moya. Sasa hata mwenye nyumba akibisha, hakuna wa kumfungulia."

"Daftari la malka limepotea?"

"Halikupotea. Vitu vyote vimo. Kilichopotea ni nani afanye nini."

Nilitamani kumbusu. Sikumbusu.

"Hizi kompyuta zililetwa mbili," akaendelea. "Moya yenu, moya hii hapa yenye kioo kilichopasuka. Mfumo mmoya, toleo moya. Hii ni nzima ndani. Nitaiambia iniandikie ruhusa za kila faili yake, nani asome, nani aandike, nani aendeshe. Orodha hiyo nitaitia kwenye flashi, kisha ile yenu tutaivisha."

"Basi nipe hiyo flashi niende."

"Ukafanye nini? Utaandika amri gani?"

Nje mtu alikuwa akipakia majani ya mbuzi kwenye pikipiki, na nilimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mtaka cha mvunguni..." Fahad akaanza.

"Nimeshainama, Fahad. Usinikalie mgongoni."

Akacheka kidogo bila kukusudia, kisha akakunja uso tena. "Nitakuya mwenyewe. Lakini wazee utawaambia kwa mdomo wako kwamba aliyeharibu ni wewe."

"Nitawaambia baada ya karatasi kutoka."

"Kabla."

"Baada kidogo tu."

"Kabla, Mitchelle. Kama la, hapana flashi."

Nikakubali. Nilikubali kwa mdomo, na moyoni nikaanza kutafuta upenyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa ofisini wanne: mimi, Fahad na wale wazee wawili. Simu zikaingia kwenye beseni. Fahad akasalimia kwa adabu zake zote za Kipini, akaitoa flashi.

Mzee Adano akainyakua, akaipima uzito kiganjani. "Hii kidogo hii iko na nini?"

"Orodha, Mzee. Ya nani aruhusiwe nini ndani ya mashine."

"Nani naandika hii orodha?"

"Nimeitoa kwenye mashine nyingine, iliyo sawa na hii."

"Ngoja kwanza." Mzee Adano akamgeukia Mzee Isaac. "Mtu ya Kipini naleta orodha ya nani nafungua mlango ya Garsen. Wewe nakubali?"

"Sikubali," Mzee Isaac akasema. "Hapa hakipiti kitu bila kusomwa mbele ya pande zote mbili. Isomwe."

Katika miezi yangu saba ya ukarani, hilo lilikuwa jambo la kwanza kuwaona wakikubaliana bila kuombewa dua.

"Wazee wangu," Fahad akasema, "ni mistari laki tatu na ushee."

"Tuna mpaka saa nane," Mzee Isaac akajibu, akavaa miwani.

Nilimtazama Fahad. Fahad alitazama dari. Mwishowe akaiwasha mashine kwa flashi yake, ikaamka kwa nguvu ya flashi bila kutegemea diski yake mbovu, akaifungua orodha kwenye kioo. Akawapa wazee pendekezo: kila mmoja achague mistari kumi popote atakapo, kwa kidole, na yeye aisome na kuieleza. Ukionekana mmoja una upendeleo, flashi itupwe mtoni.

Wakatoka nje, wakashauriana. Wakarudi. Wamekubali.

Mzee Adano akaweka kidole. "Hii?"

"Hii ni ya saa, Mzee. Kila mtu aweza kuisoma. Kuibadili ni kwa mkuu tu."

"Mkuu ni nani?"

"Ni mashine yenyewe."

"Si Mpokomo?"

"La, Mzee."

"Haya. Endelea."

Mzee Isaac akachagua ya kwake. "Na hii?"

"Ya maumbo ya herufi."

"Herufi za lugha gani?"

"Zote, Mzee. Na Kiarabu kimo, na Kiingereza kimo."

"Kipokomo?"

"Kipokomo chatumia herufi hizi hizi."

"Basi ni sawa."

Tulikwenda hivyo hadi mstari wa kumi na saba. Mzee Isaac akaegemeza pua kwenye kioo.

"Mchezo wa karata? Umo ndani ya kompyuta ya kamati?"

"Umo," Fahad akasema. "Zimekuya nao. Wengine hawauchezi."

Wote watatu wakanitazama. Nikajishughulisha na kupanga karatasi za printa, ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Saa sita unusu mistari ishirini ikaisha. Fahad akaandika amri, akabonyeza. Maandishi yakaanza kupanda juu kwa kasi, safu kwa safu. Mzee Adano alijaribu kuyafuata kwa macho, akapata kizunguzungu, akakaa chini. Fahad akachomoa flashi, akaizima mashine, akaiwasha.

Kioo kikawa cheusi.

Kisha ikatokea alama ndogo pembeni, kisha ukurasa wa kuingilia, na vile visanduku viwili vya majina, kimoja cha mifugo na kimoja cha mashamba, kama havijawahi kwenda popote.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Adano.

"Bwana asifiwe," akasema Mzee Isaac.

Nilikwishaanza kuisogelea printa. Niliona upenyo wangu: karatasi itoke, wazee waondoke, nami niwe na maisha marefu.

"Bado faili moya," Fahad akasema.

Jamani.

"Daftari la malka haliko kwenye ile mashine yangu, kwa hivyo haliko kwenye orodha. Hili bado li wazi. Lazima nilifunge kwa mkono, na ili nilifunge sharti niambiwe." Akanigeukia polepole, kwa raha zake. "Nani alikuwa na ruhusa ya kuliandika?"

Mtu huyu nilimwita fundi wa chaja.

Nikakosa pa kukimbilia. Nikasema. "Niliruhusiwa mimi peke yangu. Na Jumanne niliwafungulia wote kila kitu, ndiyo maana mashine ilikufa. Haikuwa ikipumzika, Mzee. Niliiua mimi. Na kompyuta siijui. Najua kuandika barua na kucheza karata."

Nikainamisha kichwa nikingoja kufukuzwa.

Mzee Isaac akakohoa. Mzee Adano akazichezea ndevu zake za hina.

"Hakuna shida, msichana," akasema Mzee Adano. "Mtu nakosa."

"Sisi ni nani tusisamehe?" akaongeza Mzee Isaac. "Chapisha tu, mwanangu. Muda unakwenda."

Sasa nyinyi niambieni. Wazee hawa waliwahi kuninunia siku tatu nzima kwa sababu nilisahau sukari ya chai. Leo nimeua kompyuta na nimekiri uongo wa miezi saba, wananiita mwanangu. Na macho yao hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye mkono wa Fahad.

"Nisubirini kidogo," Fahad akasema. "Daftari hili hujiandikia lenyewe kila badiliko, kwa saa na kwa jina. Ni vizuri yasomwe mbele ya pande zote mbili."

"Si lazima," wakasema wazee kwa pamoja.

Fahad akasoma. "Jumanne, saa kumi na dakika sita alasiri. Neno la siri la Mzee Adano. Malka ya tatu, kutoka hatua hamsini kuwa hatua tisini."

Akavuta pumzi.

"Jumanne, saa kumi na dakika ishirini na mbili. Neno la siri la Mzee Isaac. Malka ya tatu, kutoka hatua tisini kuwa hatua kumi na tano."

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Nilifurahi hadi nikalazimika kuuma mdomo. Kumbe zile dakika kumi za kuhakikisha kwa macho zilifanya kazi ya vidole.

"Mzee," nikamwambia Mzee Adano, "si ulisema hujui hata kuiwasha?"

"Kidole nateleza."

"Kikateleza kwenye tisa, kisha kwenye sifuri?"

"Mara mbili nateleza," akasema bila aibu. Mzee Isaac akaanza kucheka, na hapo Mzee Adano akamgeukia. "Wewe nayo nacheka? Hatua kumi na tano? Ng'ombe yangu napita moja moja kama siafu?"

"Nilikuwa nasahihisha kosa lako."

"Nasahihisha mpaka nachimba shimo."

Wakatazamana. Sijui nani alianza, lakini ghafla wale wazee wawili walikuwa wameshikana mabega wanacheka hadi machozi, kikofia cha Mzee Adano kimeanguka na Mzee Isaac anafuta miwani. Nilicheka nao. Fahad naye alicheka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita alicheka akinitazama mimi.

"Basi yaishe," Mzee Isaac akasema alipopata pumzi. "Daftari limesema lenyewe. Kabla ya uhuni wetu ilikuwa hamsini. Irudi hamsini."

"Wallahi hamsini," akasema Mzee Adano. "Ndiyo tulihesabu kwa mguu, mimi na yeye, pale pale chini."

"Hamsini, nakumbuka sasa," akasema Mzee Isaac.

Nikairudisha hamsini. Fahad akalifunga daftari. Printa ikanguruma, nakala mbili zikatoka. Wazee wakatia sahihi, kila mmoja juu ya karatasi ya mwenzake, kama ilivyo desturi.

Chini kulibaki mstari mmoja. Shahidi.

Mzee Adano akanipa kalamu yake. "Sisi mbili leo ni mwizi. Mkweli hapa ni wewe peke yako."

"Alikiri wala hakukanusha," akasema Mzee Isaac. "Watu wakiona jina la huyu, hakuna atakayeibishia karatasi hii."

Sasa sogeeni karibu, kwa sababu hili sijamwambia mtu.

Siku tuliyokwenda kupima malka ya tatu, wazee walitangulia wakihesabu hatua kwa sauti, bega kwa bega, mimi nyuma na daftari. Katikati ya njia ndala yangu ilinasa kwenye tope. Nikainama kuivuta, ikakatika kamba. Nikaitafutia pini. Nilipowafikia walikuwa wamekwishamaliza kuhesabu na wanagombania jambo jingine. "Umeandika?" wakaniuliza. Nikasema nimeandika. Malka ya kwanza ilikuwa arobaini, ya pili arobaini na tano. Nikaona ya tatu itakuwa hamsini.

Nilikisia. Hiyo hamsini wanayoiapia haikutoka kwenye mguu wa mtu yeyote. Nadhani wazee waliibadilisha kwa sababu kila mmoja alijua moyoni kwamba si hiyo, na sasa aibu imewafanya waiamini.

Nilikuwa nimeishika kalamu. Mwanzo wa jina langu nilikuwa nimekwisha kuuandika.

Beseni likaanza kutetemeka. Ilikuwa simu ya Mzee Adano, na kwa kuwa kikao kilikwisha, akaichukua, akaweka sauti ya wazi.

"Ni Abduba," akatuambia. Abduba ni kiongozi wa wachungaji wanaotoka Bangale.

"Mzee, mimi natangulia na pikipiki, niko malka ya tatu," sauti ilisema. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakizungumza kwa pamoja, na hawakuwa wakizungumza kwa upole. "Wenye migomba wako hapa na panga. Vijana yangu wako hapa na fimbo. Ng'ombe iko nyuma, nusu saa. Wote wanasema watakubali ile imeandikwa. Kamba ya mpaka tunafunga hatua ngapi?"

Mzee Adano akaishusha simu. Akamtazama Mzee Isaac. Mzee Isaac akatikisa kichwa.

"Tukisema sisi, mmoja wetu atashukiwa," alisema. "Aseme shahidi."

Fahad akatabasamu, akanipisha njia. Mzee Adano akaniwekea simu mdomoni.

"Haloo?" Abduba akasema. "Ngapi?"